Barua Zilizolala Parokiani

Shida yangu ilianza mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa. Kwa miaka mingi sikuigusa habari hii. Iliyoifukua ni kompyuta ya binti yangu.

Mwaka jana, 2018, ofisini kwangu hapa mjini Mesquite, ughaibuni, nilikuwa namfokea mteja kwenye simu. Nilimwambia hajaniandikia barua pepe yoyote. Joselyne, binti yangu, akafungua skrini nyeusi tupu, haina picha wala vitufe, akaandika mstari mmoja wenye jina la mteja na neno moja la kazi aliyoagiza. Tak-tak-tak, kisha kimya, kisha mistari ikateremka.

“Ameandika mara tatu, Baba. Ziko kwenye folda ya matangazo.”

“Nimetafuta pote mimi.”

“Umetafuta inbox tu. Hii programu inapita folda zote, inakuambia kila barua imelala wapi. Sorry, lakini jamaa aliandika.”

Nilimwomba mteja radhi, kitu nisichokizoea, kisha nikaenda kukaa ndani ya gari. Kutafuta mahali pamoja tu na kuapa nimetafuta pote, mimi nilianza zamani.

Tulikimbia Burundi tukapotezana na baba njiani. Mimi na mama tukaangukia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Barua zilifika kwa njia mbili: za posta ziliishia ofisi ya kijiji, na zile zilizobebwa na mapadre kutoka ng'ambo ya ziwa ziliishia parokiani. Kila Jumamosi mama, mikono myeupe kwa unga wa muhogo, alinituma niulize kote kuwili. Jina langu Gaspari alilitaja kama mtu anayeomba.

Ofisini hapakuwa na taabu. Karani alitafuta mwenyewe. Parokiani palinuka nta ya mishumaa na mafuta ya taa, na katekista alimwaga bahasha zote mezani. “Kila mtu atafute ya kwao,” alisema. “Macho mmepewa bure.” Mimi sikujua kusoma. Jumamosi ya kwanza nilishika bahasha, nikaikazia macho kama padri anavyokazia kitabu chake cha misale, na wenzangu wakaona nimeigeuza juu chini.

“Mwacheni,” mmoja akasema, “labda babaake aliandika akiwa amening'inia kama popo.”

Chumba kizima kilicheka, na katekista naye alicheka. Sikurudi tena. Kila Jumamosi nilipita ofisini, nikachezea mtoni hadi jua lielekee kushuka, nikarudi kumwambia mama, “Nimeuliza kote. Hakuna.” Naye alinipa kiazi changu cha kuchoma, akisema nimechoka kwa kutembea.

Hivyo miaka miwili. Mwishoni mama aliita majirani, akamlilia baba kama marehemu, akamaliza matanga. Baadaye aliolewa na mgane mmoja, fundi seremala, mtu mpole ambaye sina neno baya juu yake.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili katekista aliponiita barabarani. Walikuwa wanasafisha chumba kwa ajili ya Pasaka, akakuta bahasha nne zenye jina la mama. “Mbona hamkuzichukua?” Nikamwambia anisomee. Akasoma ya mwisho tukiwa tumesimama palepale. Baba alikuwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, mzima. Aliandika: nipeni jibu moja tu, nitakuja.

Katekista akanikabidhi zote nne. “Mpelekee mama yako leo.”

Nyumbani nilimkuta mama mlangoni, tumbo kubwa, mimba ya miezi saba. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikazitumbukiza zote nne chooni. Nilijiambia namhurumia mama. Uongo huo niliubeba miaka mingi. Niliogopa fimbo, na zaidi ya fimbo niliogopa aniulize Jumamosi zile zote nilikuwa wapi.

Mama alifariki nikiwa na miaka arobaini. Nilikaa kando ya kitanda chake siku tatu. Alisema, “Baba yako hakuwa mtu wa kunyamaza. Lazima alikufa mapema.” Nikamrekebishia shuka.

Nilichochelewa kuelewa ni upande wa pili wa ziwa. Utotoni nilimwona mama peke yake katika jambo hili. Nilipokuwa baba, na mtoto wangu mkubwa akakaa Houston mwezi mzima bila kupiga simu, ndipo nilipomwona yule mwanamume wa Uvira, anayeuliza kila padri anayeshuka kama amebeba kitu chake.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne. Nina magari matatu ya kazi, mashine tisa za kusugua sakafu za maghala, na wafanyakazi kumi na wanne. Nina watoto watano na wote wanajua kusoma. Kaburi la mama nimelijengea kwa saruji. La baba silijui.