Laini ya Mama, Dole Gumba Langu

Mama yangu hana alama za vidole. Hakuzaliwa hivyo na hajapata ajali yoyote. Alibangua korosho nyumbani kwa zaidi ya miaka thelathini, basi. Asiyeijua kazi hiyo nimwambie: unakaanga korosho kwenye karai lililotobolewa mpaka ziwake moto, unazizima kwa mchanga, halafu unakaa chini na kipande cha mti, unagonga moja moja. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Unapaka vidole majivu ili yasikushike, nayo yanakushika hivyo hivyo. Ngozi inaungua, inabanduka, inaota nyingine, na hiyo nayo inaungua. Wanawake wengi wa rika lake kijijini kwetu, karibu na mlango wa mto Ruvuma, wana vidole laini kama kijiko. Mimi nilisomeshwa na vidole hivyo mpaka nikawa mwalimu, na sasa nafundisha shule ya msingi pale Rahaleo, katika mji wa mkoa wetu.

Macho yake yalipozimwa na presha ya macho, nilimchukua nikakaa naye Magomeni, mtaa wa mji huohuo. Majirani walinionea huruma, nami nikawajibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Nilipenda sana kujisikia nikisema hivyo.

Alikuja na mkeka wake, tasbihi, na kiswaswadu chake. Simu za kupangusa hakuziweza. Kile kioo hakina cha kushika, na hata nilipomwekea kidole mahali penyewe, kioo hakikumsikia. Ngozi yake ilikuwa ngumu mno. Kiswaswadu kilikuwa na vitufe. Kitufe cha tano kina kinundu katikati, na kutokea hapo alijua vingine vyote vilipo. Kupiga hakupiga sana. Simu ile ilikuwa na kazi moja, kumsubiri mdogo wake.

Mama mdogo aliolewa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, zamani ambapo mto ule haukuwa kitu kwetu. Watu walivuka kwenda harusini, wakavuka kurudi msibani. Tangu vurugu za kule zianze, amekuwa mtu wa kuhamahama, leo kapokewa hapa, kesho kambini. Simu yake ilipotea siku ya kwanza aliyokimbia. Akitaka kuzungumza na dada yake huazima ya yeyote aliye karibu. Ukiipiga namba ile baadaye anapokea mtu mwingine, anakujibu kwa Kireno, mnakata. Kwa hiyo sisi hatukuwa na njia ya kumpata. Yeye ndiye aliyeweza kutupata, kwa namba moja tu aliyoijua maishani mwake, ya mama. Walifundishana kwenye msiba wa kaka yao, wamekaa mkekani, wanawake wawili wasiopita shule, mmoja anataja tarakimu, mwingine anarudia, mpaka zikaingia kichwani. Mimi nilikuwa napita na sinia la chai, nikawacheka.

Ile habari ya kusajili laini kwa alama za vidole ilimfikia mama kwa meseji. Kipofu kaandikiwa meseji! Zilikuja nyingi, zikakaa ndani ya simu wiki kadhaa bila mtu wa kuzisoma, hadi siku niliyokuwa natafuta namba ya binamu yangu nikakuta onyo la mwisho kwamba laini itafungwa. Kesho yake nikamshika mkono tukaenda duka la simu mjini.

"Bibi, lete kidole cha shahada," akasema dada wa kaunta. "Weka hapa. Usibonyeze sana. Toa. Weka tena."

Taa nyekundu. Wakajaribu cha kati, cha pete, kidole cha mwisho, dole gumba. Mkono wa pili. Nyekundu. Dada akavifuta kwa kitambaa, kisha kwa dawa ya kutakasa mikono. Mama mmoja kwenye foleni akatoa mafuta ya nazi kwenye mkoba wake, tukampaka. Nyekundu.

"Bibi, mbona vidole vyako havina alama?"

"Ziko matumboni mwa waliokula korosho," mama akajibu. "Kawaulize."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi niliona aibu, na aibu yangu siku zote hugeuka hasira.

Tukaambiwa upo utaratibu wa watu wenye mahitaji maalumu. Nitafute barua ya mtendaji wa kata. Tukaipata siku ya tatu. Nipeleke barua ofisi nyingine. Tukapanda ngazi za ofisi hiyo, mama akihesabu kila ngazi kwa sauti, na huko juu ofisa akatueleza, kwa adabu kabisa, kwamba fomu siku hizi haziko kwenye karatasi, ziko kwenye mtandao, na mhusika anajaza mwenyewe kwenye simu janja. Nikatoa yangu, nikajaza. Mwishoni ikataka picha ya uso. Ikaandika: tazama ndani ya duara, pepesa macho.

"Duara liko wapi?" mama akauliza.

Nikamshika kidevu nikamgeuza huku na huku kama mtoto anayenyolewa. Alipepesa macho kwa bidii, maskini, akayapepesa mpaka machozi yakamtoka. Simu ikatushauri tujaribu tena mahali penye mwanga zaidi. Nilicheka kwa uchungu, na ofisa akadhani nimefurahi.

Hapo nikachoka. Nilirudi kwa yule dada wa kaunta nikamwambia asajili laini kwa jina langu, yaishe. Alifurahi, nadhani alikuwa anasubiri niseme. Ndivyo watu wanavyofanya. Nenda nyumba yoyote yenye mzee pale mtaani, utakuta laini yake iko kwa jina la mwanawe, mjukuu, au hata mpangaji.

"Namba yangu iwe yako?" mama akauliza.

"Jina tu, mama. Namba ni yako."

"Mwenye jina ndiye mwenyewe."

Nikamwambia anafanya mambo kuwa magumu. Nikaweka dole gumba langu, taa ikawa ya kijani palepale. Dole langu halijawahi kubangua korosho hata moja.

Miaka ikapita vizuri. Mama mdogo alipiga alipoweza, mara baada ya wiki mbili, mara baada ya mwezi, wakalia, wakacheka, wakaulizana waliokufa. Nikasahau kabisa kwamba laini ile ina jina langu.

Kisha ukaja msimu wa matapeli. Mwalimu mwenzangu aliitwa polisi kwa laini asiyoijua, imesajiliwa kwa jina lake, imetumika kuibia watu. Chumba cha walimu kikapatwa na homa. Kila mtu akasema nenda kahakiki laini zako, usiyoijua ifunge. Ilikuwa Ramadhani, nina njaa, nina daftari za darasa zima za kusahihisha, nikakimbia mapumziko ya saa nne. Dada wa kaunta, si yule wa kwanza, akanigeuzia kioo chake. Laini tano. Mbili ni zangu, moja ya binti yangu aliye chuoni. Zikabaki mbili. Moja nikasema hii ni ya mama. Nyingine sikuwahi kuiona.

"Hii ya chini siijui," nikasema.

"Tuifunge?"

"Ifunge."

"Weka dole."

Kijani.

Namba ya mama ndani ya simu yangu imeandikwa "Mama". Hiyo ndiyo namba niliyoijua mimi. Mama mdogo, asiyejua kusoma, aliyekimbia na nguo aliyovaa, alikuwa nayo kichwani. Mimi mwenye cheti cha ualimu, ninayewachapa watoto kwa kutojua jedwali la saba, sikuwa nayo. Ningeweza kufungua simu nilinganishe. Ilikuwa mkononi mwangu. Ile niliyosema ni ya mama ilikuwa laini yangu ya zamani iliyopotea na simu sokoni. Nikaiacha hiyo hai, nikaifunga ya mama. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi miaka yote nilidhani methali hiyo inawasema wengine.

Sasa, simu yenye laini iliyofungwa haifi. Inawaka. Ukibonyeza kitufe inalia. Ukichomeka chaji inatetemeka. Ilichofanya ni kuandika kwenye uso wake kwamba haina huduma. Iliandika! Kwa nani? Mama alibonyeza kinundu chake cha tano, akasikia mlio, akaridhika kwamba simu nzima. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikaa barazani nayo mapajani.

"Mdogo wangu kanyamaza safari hii," alisema.

"Mtandao wa kule, mama."

Binamu yangu wa kijijini alinipigia akaniambia simu ya mama haipatikani. "Itakuwa chaji," nikamjibu, nikaendelea kusahihisha daftari. Alinipigia mara ya pili, nikamjibu vilevile. Mama akaacha kula vizuri. Akaanza kuota ndoto za mto. Mimi nikamnunulia dawa ya vidonda vya tumbo. Hali hiyo ikaendelea tangu Ramadhani mpaka mikorosho ikaanza kuchanua.

Siku moja alinyoosha mkono na simu. "Hebu nitazamie, labda kapiga nikiwa kwenye swala." Nikaitazama. Nilisoma mara moja tu.

Dukani wakaniambia namba hiyo ilifungwa na mwenyewe.

"Mwenyewe nani?" nikauliza.

Dada wa kaunta akanisomea jina langu, la kwanza, la pili na la ukoo, kwa sauti, mbele za watu. Akaongeza kwamba namba imeshatolewa kwa mteja mwingine na hairudi.

Nilifoka pale mpaka mlinzi akasogea. Nilisema juu ya vipofu kuandikiwa meseji, juu ya mashine zisizojua mikono ya wafanyakazi, juu ya duara na mwanga. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na ninayarudia leo bila kuondoa hata moja. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililoweka dole kwenye ile mashine siku ile ya Ramadhani, na nilijua hivyo wakati nafoka.

Nikatoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikaipiga namba ya mama. Nililazimika kuifungua kwenye jina lake, kwa sababu bado nilikuwa siijui. Akapokea mwanamume, sauti ya upole, mtu wa bara huko. Nikamsalimia, nikajieleza, nikamuuliza kama yupo mama yeyote aliyekuwa akiipiga namba hiyo.

"Yule anayechanganya Kimakonde na Kiswahili?" akasema. "Dada, alinisumbua wiki nzima. Leo namba hii, kesho namba ile. Namwambia umekosea, anakata, anapiga tena. Anamuulizia dada yake. Analia."

"Ukamwambiaje?"

"Unisamehe, dada yangu. Nilichoka. Nilimwambia dada yako amefariki. Ndipo akaacha."

Nikamuuliza ilikuwa lini, akasema mwanzoni mwa mwezi uliopita. Nikamuuliza namba alizotumia. Alikuwa amezifuta. Nikamwomba, akipiga tena, amwambie dada yake yu hai na ampe namba yangu. Aliapa kwa Mungu kwamba atamwambia, na naamini alikuwa anasema kweli. Tangu siku hiyo nimetuma maneno kwa wafanyabiashara wanaovuka Ruvuma, nimewapa majina, nimewapa alama ya chale zake usoni. Wanarudi na samaki na vitenge vyao. Jibu hawajaniletea.

Siku ile, njiani kurudi nyumbani kutoka dukani, nilitunga hadithi. Kampuni imefunga laini. Kampuni ina makosa mengi kiasi kwamba kuiongezea moja kusingekuwa dhambi kubwa, na mama angeamini. Nilifika nimeshaipanga vizuri. Nikamkuta barazani, simu mapajani, uso ameuelekeza kwenye lango kwa sababu alishasikia hatua zangu. Nikakaa chini kwenye mkeka wake, na hadithi yangu ikaniishia mdomoni. Nikamwambia yote. Nikamwambia laini niliifunga mimi kwa sababu sikuijua namba yake. Nikamwambia alichoambiwa mama mdogo.

Sikuwahi kumwogopa mama utu uzima wangu wote, lakini siku ile nilimwogopa. Nilitaka anitukane. Alikuwa akisugua dole kwenye kidole cha shahada, taratibu, kama anavyofanya akiwa anafikiri.

"Kaambiwa lini?" akauliza.

"Mwezi uliopita, mwanzoni. Mwanzoni kabisa."

Akahesabu kimyakimya kwa vidole vyake vile, mkono mmoja, kisha wa pili, akarudia.

"Basi hata arobaini yangu imepita," akasema. "Ameshanisomea hitima." Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, ilikuwa na wasiwasi, kana kwamba kuna jambo la kushughulikia leo hii kabla ya magharibi. "Na chakula cha kuwalisha watu wa hitima kakitoa wapi, ntu asiye hata na kwake?"