Siku Tulipokwenda Kupatana Bei ya Waya za Meno

Jamani, hii habari mke wangu akianza kuisimulia kwenye sherehe za watu mimi hujifanya simu inaita nikatoka nje, kwa hiyo leo ngoja niiseme mwenyewe kabla hajaitia chumvi, maana hata bila chumvi aibu yake inatosha mtaa wetu mzima wa Iroquois.

Ilikuwa 2015, tuna miaka michache tu hapa Louisville tangu tutoke kambi ya wakimbizi Tanzania. Binti yangu Divine alikuwa na miaka kumi na minne, na meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana, na shuleni walimsema mpaka akaacha kuimba kwaya kanisani, yeye aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza! Iliniuma sana, sana. Tukajaribu kadi ya matibabu ya serikali, wakampima, wakasema ni kweli yamepinda lakini hayajapinda kiasi cha kulipiwa (sasa hapo mzazi umwombe Mungu yapinde zaidi, au ufanyeje?). Basi nikaenda kwenye kliniki moja ya waya za kunyoosha meno kuuliza mfanyakazi wa ghala la Jeffersontown kama mimi analipaje.

Mama wa malipo, mzungu mmoja mpole, akanieleza haraka haraka: ukilipa zote mara moja kuna hivi, ukilipa kidogo kidogo kuna vile, ukitumia kadi ya mkopo riba inakuja baadaye, na mimi naitikia "yes, yes" huku kichwani giza totoro. Nilichokamata ni kimoja: rudi Ijumaa, uje na yeyote mtakayesaidiana kulipa, tukae tukubaliane.

Hapo ndipo nilipojiponza. Kwetu Burundi ukiambiwa ndugu waje wakae na wenyeji wakubaliane malipo, unajua hiyo ni shughuli kama ya mahari, huendi peke yako kama mwizi, unakwenda na wazee na msemaji. Na waliokuwa wameahidi kunichangia ni wawili, kaka yangu mkubwa Onesmo wa Columbus na shangazi yangu Consolata wa Buffalo, anayeuza vitenge huko mtaa wa Grant Street. Nikawapigia nikasema njooni tukapatane. Mungu ananiona, nilisema hivyo tu!

Ijumaa ikafika. Kaka Onesmo katokea na suti yake ya harusi na wanaume wawili wa kanisani kwake ambao hata majina yao siyajui, shangazi kateremka kwenye basi na kitenge kipya na katoni mbili za Fanta, ongeza mimi, mke wangu na Divine, tukaingia mle ndani watu saba kwa mstari. Dada wa mapokezi akadhani wote tumekuja kutibiwa, akatugawia fomu, na mmoja wa wale wa Columbus akaanza kujaza yake.

Chumba cha malipo kilikuwa na viti vinne, waliobaki wakasimama ukutani. Kaka akafunga vifungo vya koti, akakohoa.

"Tumetoka mbali," akasema kwa Kiswahili chake cha shughuli. "Tumekuja kwa heri. Tumesikia humu ndani mna waya nzuri, nasi tuna binti mzuri. Divine, tafsiri."

"Baba mkubwa, please. Siwezi kusema hivyo."

"Tafsiri, mwanangu!"

Akatafsiri hotuba nzima kwa maneno kama matatu hivi, akiangalia sakafu. Mama wa malipo akatabasamu, akataja bei. Kaka akacheka kile kicheko cha mtu aliyetajiwa ng'ombe wengi mno.

"Mwambie meno yaliyopinda ni manne. Kwa nini tulipie mdomo mzima?"

"Dad..." Divine akanigeukia, machozi yanamlengalenga, na mimi (mpumbavu mimi) nikaangalia pembeni. Akatafsiri hivyo hivyo, na mama wa watu akajibu kwamba hapo hawauzi jino moja moja, akafungua mdomo aendelee, na kaka akatupa ishara. Tukanyanyuka. Kwetu ukinyanyuka hivyo wenyeji wanakukimbilia mlangoni, rudini wazee, rudini tuongee. Tukatoka mpaka kwenye maegesho ya magari, Februari, baridi ya kukata masikio.

"Msigeuke," kaka akanong'ona. "Wakituona tunageuka bei haishuki."

Tukasubiri kukimbiliwa. Hakuna aliyekuja! Shangazi anatetemeka na Fanta zake, mke wangu ananiangalia kwa jicho ambalo nisingependa kulieleza, na mimi nikageuka kidogo kwa siri. Kupitia dirishani nikaona mama wa malipo anakusanya karatasi zake, na Divine bado yuko kwenye kiti, koti mapajani, hakutoka na sisi. Nikirudi namvunjia heshima kaka mbele ya watu wake, nisiporudi mtoto amekosa. Nikarudi.

Divine hakuniangalia. "Baba, kaa chini. Na usinyanyuke."

Nikakaa. Mama yule akaanza upya, taratibu: bei haibishaniwi, lakini ukitanguliza kidogo, iliyobaki unalipa kila mwezi mpaka matibabu yaishe, bila riba. Ndicho alichotaka kutuambia tuliponyanyuka. Kila mwezi kilikuwa kiasi ambacho hata mshahara wangu ungekimudu!

Kisha akauliza wale walioko nje wana shida gani. Divine akamwambia kwa Kiingereza: "Wanasubiri muwaite."

Mama wa watu akatoka na blauzi yake nyepesi kwenye baridi ile, akapunga mikono yote miwili, rudini, tafadhali rudini. Kaka akanyoosha tai, hana haraka, akawaambia wenzake: "Si niliwaambia?"

Pesa ya kutanguliza waliitoa kaka na shangazi kwa furaha kubwa, na kaka mpaka leo anaamini aliishusha bei, na huko Columbus wanamwita wakitaka msemaji. Sina moyo wa kumwambia.

Tulipofika nyumbani Divine akanishika mkono mlangoni. "Baba, siku ya kuvalishwa waya, mimi na wewe tu."

Nikaapa. Na nikajiapia jambo jingine kimoyomoyo: mtu akinikaribisha kiti na kunieleza bei, nakaa hapo hapo mpaka amalize sentensi yake.