Sauti ya Dada Yangu Ndani ya Simu Iliyolowa Maziwa

Simu yangu ilianguka ndani ya ndoo asubuhi nikikamua. Nilikuwa nimeiweka kifuani, nikainama, ikaingia kwa maziwa chubwi. Ng'ombe hata hakugeuka.

Nilifanya kile mikono yangu inajua kufanyia chombo chochote kilichoguswa na maziwa. Niliisuuza na maji ya moto, nikaipangusa, nikaitundika jikoni juu ya moshi, pale ninapokausha vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya mgando. Maziwa yakibaki ndani ya kibuyu yanaoza na kuharibu yote yanayofuata. Nilidhani simu nayo ni hivyo. Baada ya siku mbili ilikuwa kavu, nyeusi, na imekufa.

Ningenunua ingine nisahau, kama si dada yangu anayeishi Soy. Sisi wawili shule tuliiona kwa dirisha, kuandika kunatuchosha. Tangu tupate hizi simu za kupapasa tulikuwa tunatumiana meseji za sauti. Ananitukana, ananiambia mahindi yake yamefika wapi, anakohoa, ananitukana tena. Halafu koo lake likashikwa na ugonjwa. Madaktari walimpasua, wakaokoa maisha yake, lakini sauti ikaenda. Anakula, analima, anafukuza mbuzi wa watu shambani, ila hasemi. Simu yake ya wakati huo ilishapotea, kwa hiyo sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, ndani ya ile simu yangu.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, hapa Munyaka, aliinusa akanirudishia. "Mama, nunua ingine. Hii imeisha."

Basi nikaenda mjini kwa mjukuu wangu, miguu ikikataa. Ana kibanda cha kutengeneza simu. Siku alipokifungua nilimwambia mbele ya watu kwamba sikuuza ndama wangu asome diploma ndio akae kando ya barabara na bisibisi. Sasa nilikuwa nimepanga foleni kwake kama wateja wengine, na wote walimwita Madam.

Alipoishika tu akakunja pua. "Kogo," akasema, maana kwetu nyanya anaitwa hivyo, "hii simu uliipika?"

"Niliikausha."

"Kwa moshi?"

"Wewe umekunywa mursik ya moshi huo huo ndio ukapata hizo akili."

Alicheka mpaka akaweka vifaa chini. "Maziwa peke yake si mbaya sana. Ile kuiosha ndio uliyasukuma mpaka ndani. Ungeizima tu, uniletee vile ilivyo."

"Nikuletee ucheke?"

"Na si hata sasa nimecheka?"

Nilipomwambia ni sauti ya nani imo ndani, aliacha kucheka. Alisema kioo na betri vimekwisha, lakini akiweza kuiamsha hata mara moja, atazitoa zile sauti zote. Akishindwa, hakuna mahali pengine pa kuzitafuta.

Nilimtazama akiipasha joto mgongoni ili gundi iachilie. Simu yangu ya kwanza ilifunguka kwa ukucha, betri ikichoka unaitoa unaweka ingine. Hizi za sasa zimefungwa kama jeneza. Mtu akikuuzia kitu na asitake ukifungue, huyo anangoja urudi kununua kingine. Nilimwambia hivyo. Alisema ndio maana ana kazi.

Aliisafisha kwa spiriti na brashi ndogo, akaifungia kioo na betri za simu ingine. Siku ya tatu akaniita. Alibonyeza, na kibanda kizima kikasikia: "Wewe mwanamke, umelala mpaka saa hii?" Nilishika meza. Wateja walidhani ni mimi ninatukanwa, na ni kweli nilikuwa mimi.

Halafu mjukuu, kwa moyo mzuri, akanionyesha jambo lingine. Siku hizi kuna programu ukiilisha sauti ya mtu inajifunza, kisha unaiandikia maneno inayasema kwa sauti hiyo hiyo. Alikuwa ameijaribu. "Habari ya asubuhi, dada yangu mpendwa," ikasema. "Natumaini umeamka salama." Koo lilikuwa la dada yangu kabisa. Maneno yalikuwa ya mtu anayeomba kura.

"Futa," nikasema.

"Kogo, hiyo si sauti yako. Tumuulize mwenyewe."

Alinipata hapo.

Tulienda Soy pamoja. Dada alisikiliza zile za zamani kwanza, midomo yake ikifuata maneno, na kila tusi likifika alijipiga paja. Kisha mjukuu akamwekea ile ya mashine, akamweleza inavyofanya kazi. Dada alisikiliza hadi mwisho. Akanitazama, akaielekezea simu kidole, akainua mabega: huyu ni nani? Kisha akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka, akatikisa kichwa.

Alichukua simu yake, akabonyeza pale pa kurekodi, akagonga kikombe cha bati kwa kijiko mara tatu kwa nguvu, akanitumia. Simu yangu mpya, niliyouziwa na mjukuu, ikalia mapajani mwangu.

Siku hizi kila asubuhi napata kelele za kijiko. Akiwa amekasirika anagonga haraka mpaka ng'ombe wangu wanasimamisha masikio. Jana aligonga polepole, na nyuma yake nikasikia mvua ikipiga mabati ya nyumba yake, nikajua mahindi yamepata maji. Nilimjibu vile tumezoea. Nikamtukana.