Nilivyokwenda Kupanga Nyumba na Ukoo Mzima

Kesho narudi Pickering, mji wa jirani huku ughaibuni, kwa yule mama mwenye nyumba, na safari hii naenda peke yangu. Lakini kwanza nichekeni.

Sehemu ya kodi yangu inalipwa na jiji kwa vocha, na wenye nyumba wakisikia neno vocha tu, nyumba inakuwa imeshachukuliwa. Nikaapa hii ya Pickering siikosi. Kwetu mtu haendi peke yake kuomba jambo zito, awe anaomba mke au nyumba. Basi nikamkusanya baba mdogo, shangazi, na binamu zangu na watoto wao, wote wamevaa kama wanaenda harusini, tukatoka Weston ninakoishi kwa magari matatu.

Yule mama alitufungulia mlango akitabasamu. Viatu vikajaa mlangoni. Shangazi akaanza kupima madirisha kwa mikono, akiwaza mapazia. Watoto wakakimbilia juu kugombea vyumba. Mimi kichwa juu, najisemea, sasa anaona nina watu.

Kumbe alikuwa anatuhesabu.

"Uliniambia ni wewe na wanao wawili," akasema taratibu, kwa Kiingereza. "Sasa hawa wote watalala wapi?"

Kabla sijafumbua mdomo, baba mdogo akadhani tumekaribishwa tulale. Akaweka mkono kifuani, akainama kwa heshima zote.

"Usihangaike kabisa, mama," akamjibu. "Sisi hata hapa sebuleni tunalala."