Mama wa Vitenge Aliyeninyooshea Mpira

Mpira wangu wa gofu ulimkosa yule mama kwa nafasi ndogo sana. Uliondoka vizuri, ukapaa kuelekea pale pale nilipotaka uende, halafu ukiwa juu ukaghairi, ukapinda kushoto kwa kasi, ukavuka mstari wa mikaratusi na kutumbukia upande wa pili, ambako watu wengine walikuwa wakicheza shimo lao. Nikasikia kishindo cha bati. Mume wangu alinitazama. Mimi nilishaitupa fimbo chini na kuanza kukimbia.

Nilimkuta amesimama kando ya kigari chake cha kukokota fimbo. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, amevuka miaka ya ujana zamani, kichwani amefunga kilemba cha kitenge cha bluu. Miguuni pake ilikuwa imelala chupa ya chai, ubavu umebonyea, chai ikimwagika kwenye majani.

"Nani amepiga huu mpira?" aliuliza kwa Kiswahili cha Bujumbura, kile kinachotembea taratibu na kupumzika kwenye kila neno.

"Ni mimi, Mama. Shikamoo. Nisamehe sana, sikujua kama kuna mtu."

"Marahaba." Akacheka kidogo. "Kwetu hiyo hatuisemi, lakini nimeipokea. Binti yangu, mimi bado ninapenda kuishi."

Nilianza kuomba radhi upya, nikamwahidi chupa nyingine. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akiangalia mikono yangu.

"Mpira wako unakwenda kushoto hivi kila siku?"

"Kila siku, Mama."

"Basi Jumamosi uje asubuhi. Uje peke yako. Bwana wako abaki nyumbani."

Tulikuwa na miezi michache tu Kigali wakati huo. Mume wangu ni mhandisi wa barabara, na kampuni yake ilimhamisha kutoka Moshi mwaka 1991. Nilimfuata nikiwa mjamzito, tukapanga nyumba ndogo Kacyiru, na kabla hata sijajua duka la mkate liko wapi, mimba ikatoka. Sikuwa na mtu wa kuongea naye. Kifaransa sikukijua, Kinyarwanda nilijua kusema asante tu, na Kiswahili nilikisikia sokoni na kwa madereva wa malori waliotoka nyumbani. Vita vilikuwa kaskazini, mjini kulikuwa na vizuizi vya askari, na watu walirudi majumbani mapema. Nilishinda ndani nikipanga vyombo ambavyo nilikuwa nimeshavipanga.

Daktari alishauri nitembee. Mume wangu, ambaye alijifunza gofu kule Moshi kwa wazungu wa mashamba ya kahawa, akaona hapo ndipo pa kutembea: uwanja ulioko bondeni chini ya Nyarutarama, wenye kijito, mafunjo na hewa safi. Akaninunulia fimbo za mtu aliyekuwa anahama. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na hilo nalisema mpaka leo. Ila kufundishwa na mume ni jambo zito. Fimbo fupi nilizimudu. Ile ndefu kuliko zote, tunayoiita draiva, ya kupigia mpira wa kwanza wa kila shimo, ndiyo ilinishinda. Kila nilipoipiga, mpira ulipinda kushoto kama ng'ombe aliyeona majani.

"Elekea kulia zaidi," mume wangu alikuwa akisema. Nikaelekea kulia. Mpira ukapinda zaidi. "Kulia zaidi, mke wangu!" Mwishowe nilikuwa nasimama karibu nimelipa kisogo shimo lenyewe, macho yangu yanatazama mashamba ya ndizi ya Kibagabaga kule mlimani, na bado mpira ulikwenda kushoto. Tulikuwa tunarudi nyumbani tumenuniana.

Jumamosi ilipofika nilikwenda peke yangu, nimebeba chupa mpya ya chai. Mama aliipokea, akaifungua, akainusa, akasema tangawizi imezidi lakini itanyweka. Ndipo aliponiambia habari zake. Alikuwa Mrundi, mjane, na alikuwa na duka la vitenge Nyamirambo. Marehemu mumewe alifanya kazi benki Bujumbura na ndiye aliyeipenda gofu kwanza. Alipofariki, watu walitaka kuzigawa fimbo zake. Yeye alikataa. Akahamia Kigali kwa biashara, akazipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Gatsata, zikakatwa zilingane na urefu wake, akaanza kujifunza akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanalea wajukuu.

"Walinicheka," alisema. "Padri wetu naye alinicheka. Sasa shika fimbo yako, nione."

Nilishika. Akazunguka mbele yangu, akainama mpaka kilemba chake kikakaribia vidole vyangu.

"Oya, oya. Siyo hivyo. Unakamata kama mtu atakunyang'anya."

Nilicheka, halafu ghafla machozi yakanijaa. Sikutarajia. Nilitazama chini kwenye majani ili asione, na nadhani aliona, kwa sababu alikwenda kwenye mfuko wake na kujifanya anatafuta kitu. Aliporudi, alinishika mikono yote miwili kwa mikono yake iliyokuwa ya moto kutokana na kikombe cha chai, akaanza kunipanga kidole kimoja kimoja.

Shida, alinieleza, ilianzia kwenye mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeuzungusha juu ya mpini kupita kiasi, hata nikitazama chini naona vifundo vya vidole karibu vyote. Mkono wa kulia nao ulikuwa umejificha chini kabisa, kama wa mtu anayebeba karai. Mikono iliyoshika hivyo, ikifika kwenye mpira inajigeuza yenyewe kurudi ilivyozoea, uso wa fimbo unajifunga, na mpira unazungushwa kushoto. Akaugeuza mkono wangu wa kushoto mpaka nikabaki naona vifundo viwili tu. Akauleta wa kulia juu, kidole gumba na cha shahada vikaungana na kuelekea kidevuni kwangu.

"Hivi nitaangusha fimbo, Mama."

"Hutaangusha. Shika kama unashika kifaranga. Asitoroke, lakini asife."

Kisha akaniuliza nilikuwa nalenga wapi. Nikamwonyesha Kibagabaga. Alisimama akanitazama, akaitazama milima, akanitazama tena.

"Shimo liko hapa, wewe unasali kule. Nani alikufundisha?"

"Mume wangu."

"Mume mzuri," alisema kwa upole, "lakini sasa tumsahau kidogo." Akaniweka sawa, akaweka fimbo moja chini mbele ya vidole vyangu vya miguu kunionyesha mstari, akayageuza mabega yangu kushoto. Mwili wangu wote ulikataa. Kushoto ndiko kulikokuwa na mikaratusi, mafunjo, na watu wenye chupa zao za chai. Nikamwambia naogopa.

"Najua. Unaogopa kushoto, kwa hiyo unakimbilia kulia. Ukikimbilia kulia, mikono inajua umepotea, inavuta mpira kuurudisha, inavuta kuliko inavyotakiwa. Simama unakoogopa. Halafu piga na tumbo, siyo viganja. Tumbo lako ligeuke litazame shimo mpaka mwisho. Ukilisimamisha tumbo, viganja vitakimbia peke yao."

Aliposema tumbo nilisita. Yeye hakujua habari zangu. Au labda alijua, kwa sababu wanawake wa umri ule wanajua mambo kabla hawajaambiwa. Nikarudisha fimbo nyuma, nikageuka.

Mpira ukaenda kulia. Kulia kabisa, mbali, ukapotea kwenye nyasi ndefu.

Mama alipiga makofi kama mtu aliyeona bao. "Vizuri sana! Sasa umekosea upande mwingine!"

"Hilo ni jema, Mama?"

"Ni jema sana. Mtu anayekosea pande mbili, katikati yuko karibu kuiona."

Hatukuigusa tena draiva siku hiyo. Alinipa fimbo fupi, akanitaka nisimame miguu imegusana, nipige mipira midogo midogo, nusu nguvu, mpaka mikono izoee kukaa ilivyowekwa. Wiki iliyofuata tulifanya hivyo hivyo. Na iliyofuata. Tulikuwa tunaanza na mipira na kumalizia na chai, na kwenye chai ndiko nilikomweleza kuhusu mimba. Hakunipa maneno ya kanisani. Alisema, "Mimi ilinitokea mara mbili," akanimiminia kikombe kingine. Tukakaa tunatazama wanawake wanaopita juu barabarani na mafungu ya kuni kichwani.

Nilianza kwenda dukani kwake siku za kazi pia. Alinifundisha Kinyarwanda cha kununulia vitu, na mimi nilimsaidia na wateja Watanzania. Mume wangu aliona chakula kimeanza kupikwa kwa hamu nyumbani, akauliza huyo mama ananifundisha gofu au kitu gani.

"Gofu," nilimjibu.

Siku moja, tukiwa tunatoka uwanjani kwa gari la zamani la Mama, askari walitusimamisha kwenye kizuizi. Mmoja, mrefu, mwenye bunduki begani, alifungua nyuma ya gari na kuona vile vyuma virefu vimefunikwa vitambaa. Akarudi nyuma hatua. Mama alimweleza kwa Kinyarwanda kwamba ni mchezo. Hakuamini. Mchezo gani wa vyuma? Akaamuru tutoke nje tumwonyeshe.

Mama akanigeukia. "Weye ndiye kijana. Onyesha."

Nikasimama kando ya barabara kwenye vumbi jekundu, nimeshika draiva. Hakukuwa na mpira. Niliipanga mikono yangu kama nilivyofundishwa, nikavuta pumzi, nikageuka na kugeuka mpaka tumbo langu likamtazama yule askari. Fimbo ilitoa mlio mwembamba hewani. Wenzake waliokuwa wamekaa kwenye magunia walishangilia. Yule mrefu aliuliza jambo, na Mama akacheka mpaka akashika mlango wa gari.

"Anauliza huo mpira ungekwenda wapi."

"Mwambie moja kwa moja."

Alimwambia. Tukaruhusiwa kupita. Ndani ya gari ndipo tulipoanza kucheka, sote wawili, na Mama akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Nilikuwa nimeogopa, sitadanganya. Lakini nilipofika nyumbani nilihisi nimerudishiwa kitu ambacho nilikuwa nimekubali kwamba kimekwenda.

Mpira wenyewe ulinyooka msimu wa kiangazi wa mwaka 1992. Mume wangu alikuwepo. Nilisimama nikitazama kushoto kidogo, na yeye akafungua mdomo kunirekebisha, kisha akaufunga. Ninamshukuru kwa kuufunga. Nilipiga. Mpira ulipaa, nikausubiri upinde, na haukupinda. Uliendelea mbele, ukatua katikati ya majani yaliyokatwa, ukadundadunda na kutulia. Tuliufuata mpaka tukaufikia. Hapo mume wangu akainama, akautazama kama yai, akasema, "Nami naomba Mama anipange mikono."

Tangu siku hiyo akawa naye anakuja kwa Mama Jumamosi, na alikemewa kuliko mimi.

Binti yetu alizaliwa mwaka uliofuata. Mama alifika hospitali na kitenge cha kumbebea, ameshakipiga pindo kwa mkono wake mwenyewe, akamshika mtoto, akamnong'oneza kitu kwa Kirundi ambacho hakutaka kunitafsiria. Mwishoni mwa mwaka huo mkataba wa mume wangu ulikwisha, tukafunga mizigo kurudi nyumbani. Kwao Burundi nako mambo yalikuwa yameharibika, kwa hiyo Mama alisema atabaki na duka lake. Alitusindikiza mpaka nje ya mji. Nilimwambia aje Moshi aone mlima. Alisema milima imemtosha, ila atakuja kumwona mtoto.

Mwaka 1994, Aprili, tulikuwa sebuleni kwetu tukisikiliza redio ikitangaza mauaji ya Kigali. Sitasimulia niliyoyasikia, wapo walioyaona kwa macho, na hao ndio wenye haki ya kuyasimulia. Mimi nilikuwa na jina moja la kuulizia. Nililiuliza kwa madereva waliokuwa wanarudi kutoka mpakani, kwa masista, kwa kila mtu aliyetoka upande ule. Mvua za masika zikapita. Baridi ya Moshi ikaja. Nilianza kumzungumzia kwa wakati uliopita, na mume wangu alinikataza.

Halafu siku moja mchana simu ikalia ofisini kwa mume wangu, na mhudumu akatumwa mbio kuniita. Laini ilikuwa mbaya, inakwenda na kurudi, lakini sauti ile iliyopumzika kwenye kila neno nisingeikosea. Alikuwa Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka Bujumbura, kwa dada yake. Masista walimficha, kisha wakamvusha. Duka halipo. Fimbo hazipo. Yeye yupo.

Nililia kwenye simu, na yeye akanisubiri, kama alivyojua kunisubiri.

"Binti yangu," alisema hatimaye, "simu ni ya watu. Niambie. Mtoto anatembea?"

"Anatembea, Mama. Ameanza juzi."

"Mlete karibu nimsikie."

Mtoto alikuwa mgongoni kwangu. Nilimshusha, nikamwekea simu sikioni, na yeye akaitazama kwa mshangao, akaipumulia kwa nguvu, kisha akaanza kumweleza Mama mambo mengi kwa lugha yake ya kitoto, bila kumpa nafasi ya kujibu.