Nilivyotua Nyuma ya Geti

Kazi yangu ni ndoano. Watu wakisikia nafanya kazi ya helikopta hunitazama mabegani wakitafuta zile alama za dhahabu, nami huwaacha watafute. Ukweli ni kwamba mimi hubaki chini. Helikopta inasimama hewani juu ya kichwa changu, kamba ya chuma inashuka, naikamata ndoano, nafunga mzigo, nainua mkono, na mzigo unakwenda zake. Kabla ya kuikamata sharti uiguse kwanza kwa fimbo yake maalumu, maana mapanga ya helikopta yakizunguka huijaza umeme, na ukiidaka kwa mkono mtupu inakupiga shoti hadi meno yagongane. Nimepigwa mara mbili. Mara ya pili kilikuwa kiburi tu.

Kwa miaka saba nimefunga mizigo mahali ambapo gari limekata tamaa. Kule kaskazini tulishusha mapipa ya maji mchangani, na upepo wa mapanga ukanilisha vumbi wiki nzima. Tumepandisha mabomba mlimani kwenye baridi iliyonifanya nimtaje mama yangu kwa sauti. Wakati wa mafuriko niliwahi kupokea mahema nikiwa nimesimama juu ya paa la darasa, maji yakipita chini na madawati ya watoto. Kote huko hakuna aliyewahi kutuuliza tumepitia wapi. Tulishuka, tukapokewa kwa mikono miwili. Hilo ndilo lililoniharibu.

Kisha kazi ikaja nyumbani. Mnara wa simu ulitakiwa usimame juu kabisa ya ukingo wa Manga, mahali ambapo hata boda boda hufika ikilia, na vyuma vyake visingebebeka mgongoni. Kwa wiki tatu nikafunga vyuma mbele ya macho ya watu wangu. Manga si jangwa. Kila unapotaka kushusha kitu pana migomba ya mtu, majani chai ya mtu, au nguo za mtu juu ya ua. Kila asubuhi nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaomba waanue nguo na kufungia vifaranga. Mama mmoja alinijibu kwamba nguo bado zimelowa, helikopta ingoje zikauke. Tulingoja. Mzee mmoja naye alileta malalamiko kwamba kuku wake ameacha kutaga tangu tuje, na msimamizi wetu, mtu wa kutoka mbali anayeheshimu karatasi, akayaandika kwenye daftari la usalama, ukurasa wa ajali.

Rubani wetu alikuwa mtu wa papa hapa, lakini wa mjini. Alizaliwa Kisii katika familia ya Kiislamu yenye duka la vitambaa, akalelewa ghorofani juu ya duka hilo, na ingawa alizungumza Ekegusii kama sisi, maisha ya maboma ya kijijini aliyajua kwa kuyatazama kutoka angani. Siku tuliyopandisha chuma cha mwisho aliniuliza, "Jumapili si unaoa?"

"Naoa, kapteni."

"Wapi?"

"Nyansiongo."

"Jumapili narudisha mashine Nairobi. Nyansiongo iko njiani. Nitakushukisha kwa mlango wa bibi yako, bwana harusi wa maana."

Hapo ningesema asante, nitapanda gari pamoja na watu wangu kutoka kwetu Keumbu. Mtu mwenye akili angesema hivyo. Mimi nilimpigia mchumba wangu simu papo hapo nikijisifu. Akasema, "Kuja na kitu unataka. Hata ukipanda punda ni sawa. Lakini upitie kwa geti." Nikamwambia asijali. Katika maneno yote aliyosema nilikuwa nimeshika yale ya mwanzo tu.

Geti lenyewe lilikuwa la shangazi yake. Mchumba wangu alifiwa na mama akiwa mdogo sana, na shangazi huyo, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa na maneno machache, ndiye aliyemlea mpaka akawa mwalimu. Kwetu, msafara wa bwana harusi ukifika kumchukua bibi harusi, hukuta geti limefungwa. Wanawake wa kwao husimama ndani wakiimba, wenu husimama nje wakijibu. Mnaulizwa nyinyi ni nani, mmetoka wapi, mnataka nini, nanyi mnajibu kwa adabu mpaka waridhike. Lisipofunguliwa, hakuna anayekwenda kanisani. Shangazi alikuwa amewakusanya wanawake wa kanisa lake na kuwafundisha nyimbo mwezi mzima. Alikuwa hata amenunua kufuli jipya.

Jumapili hiyo tuliruka saa nne. Nilivaa suti ya kijivu, tai ya zambarau na viatu vilivyong'aa, na kwa mara ya kwanza nilikaa mbele. Niliona msafara wetu chini, magari manne yenye maua yakipanda kilima taratibu, mama yangu akiwa ndani ya lile la kwanza, na nikawahurumia. Tulipofika Nyansiongo niliwaona wanawake wamejipanga ndani ya geti kwa sare za kijani, wakitazama barabara. Rubani aliuliza atue wapi. Barabarani palikuwa na nyaya za umeme, na nyuma ya nyumba palikuwa na malisho mapana, yamekaa sawa, hayana hata mti. Mimi, fundi wa miaka saba, mtoto wa Keumbu, nilimwonyesha malisho.

Tulipita juu ya wanawake tukaondoka na vitambaa vyao vya kichwa. Tukatua. Nilishuka kwa madaha, nikafunga kifungo cha koti, nikangoja vigelegele. Hapakuwa na vigelegele. Palikuwa na ng'ombe wawili wa shangazi wakivunja ua na kuingia kwenye chai ya jirani. Nikatazama dirishani nikamwona mchumba wangu ndani ya shela lake. Alikuwa ameshika paji la uso.

Nilizunguka nyumba nikawakuta wanawake wamesimama vilevile, wameelekea barabarani, wamenipa mgongo. Shangazi alikuwa katikati, kufuli mbele yake.

"Bwakire, Mong'ina," nikamsalimia kwa heshima yote niliyokuwa nayo, maana Mong'ina ndivyo tunavyomwita mama mzee.

Hakugeuka. Aliwaambia wenzake, "Endeleeni kuimba. Bwana harusi hajafika."

Wakaimba. Waliimbia barabara tupu wimbo mrefu wa kuuliza mgeni ametoka wapi, na mgeni alikuwa nyuma yao amesimama kama mtu aliyekosea kilio. Ulipokwisha nikakohoa. Nikasema, "Mong'ina, ni mimi. Nimekuja na ndege."

"Kitu mimi najua inaingia boma kwa juu ni mwewe," alisema, bado hajageuka. "Na mwewe hatuimbiangi. Ng'ombe zangu ziko wapi?"

Nilikwenda kuwaleta ng'ombe. Sitaeleza jinsi nilivyowaleta. Inatosha kusema majani chai yana maji asubuhi, na ng'ombe aliyeogopa helikopta hampendi mtu aliyeshuka ndani yake. Niliporudi suruali imelowa hadi magotini, msafara wetu ulikuwa umefika nje, na mama yangu, akinitazama kupitia nafasi za geti, aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini uko upande huo?"

Nikamwomba shangazi afungue nitoke, niungane na watu wangu, tuanze upya.

"Yaya," alisema, yaani hapana, na alilisema kwa upole ulionitisha. "Hii geti inafunguliwa mtu akishaulizwa. Na siwezi uliza mtu ako ndani. Umeingia kwa juu, toka kwa juu."

Nikadhani ni utani wa harusi. Nikaenda mlangoni kumwomba mchumba wangu aniombee. Alitoka msimamizi wake wa harusi na ujumbe: bibi harusi atatoka nyumbani humo siku shangazi atakapolifungua geti kwa mkono wake, iwe ni leo au siku nyingine yoyote. Mchungaji naye alikuwa amepiga simu mara mbili. Alikuwa na harusi nyingine saa nane, na alisema ikifika saa saba hatujafika atafunga kanisa letu aende kwa wenzetu. Hapo kicheko kiliniishia. Niliogopa kweli, kwa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa chini ya chuma chochote kinachoning'inia. Ningeweza kumpoteza kwa sababu ya dakika kumi na nane za kupendeza angani.

Nilimkuta rubani amekalishwa kwenye kiti cha wageni wa heshima, chai ya maziwa mkononi na sahani ya ndizi mapajani. Wapishi walikuwa wamemkaribisha. Yeye hakuja kuoa.

"Kapteni, nirudishe nje."

"Nje ya wapi?"

"Nje ya geti."

Alilitazama geti, hatua sitini kutoka pale. Akanitazama mimi. "Nimebeba wagonjwa," alisema, "nimebeba masanduku ya kura, nimebeba mtoto wa simba. Sijawahi kubeba mtu kumvusha geti." Kisha akaangalia upande wa Manga, ambako mawingu yalikuwa yanatanda meusi mapema kuliko kawaida, akameza chai yote. "Panda. Nina dakika chache, mimi mvua haitanikuta hapa."

Nyaya za barabarani zilitukataza kutua karibu, kwa hiyo akanishusha katika uwanja wa shule ya msingi, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Akasema Bismillah, akainuka, akaelekea Nairobi. Nilibaki peke yangu katikati ya uwanja na suti yangu, na mvua ikaanza.

Nilitembea. Hakuna boda boda iliyonikubali, nilikuwa na matope mengi mno. Nilipowafikia watu wangu, dada zangu walikuwa wameshaimba na kujibu maswali yote, wakijikinga kwa miavuli na majani ya migomba. Wakanipisha nipite mbele. Shangazi alikuwa palepale upande wa pili, mvua inamshukia, amekataa mwavuli. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alinitazama usoni.

"Umekuja na nini?"

"Na miguu, Mong'ina."

Wanawake wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alishika chuma cha geti kwa mikono miwili akasema, polepole, ili nisije nikasema sikusikia:

"Mimi niliolewa nikitumwa chumvi. Nilienda dukani, watu wa bwana yangu wakanishika mkono, sikurudi. Hakuna mtu alikuja kusimama kwa geti ya baba yangu aseme ananitaka. Mpaka baba akakufa, hakuna mtu alikuja. Huyu mtoto nimemlea nikingoja siku moja tu. Watu wasimame hapo nje, waniombe. Ukapita juu ya kichwa yangu."

Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi yenye utani, imekunjwa mfukoni. Sikuigusa. Niliona aibu mbele ya mama yangu na mbele ya mwanamke yule, aibu ya kweli, na nikavua kofia ambayo sikuwa nayo, mkono ukaishia kwenye nywele zilizolowa.

"Nisamehe, Mong'ina," nikasema. "Naomba mtoto wako."

Alitoa ufunguo kifuani akautia kwenye kufuli. Hakuuzungusha. Kila mtu kuanzia getini hadi kwenye magari alikuwa amenisikia vizuri.

"Sijasikia," alisema.

Nikaomba tena.