Siku Niliyowaambia Wabeba Makala Wasogee

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nimesimama mtaa wa Ruashi, pembezoni mwa mji, na filimbi mdomoni, najiona mkubwa kama gavana. Nasikia wewe na wenzako mnaandaa siku ya jimbo zima kwenda kazini kwa baiskeli, kila mji, kuanzia Likasi mpaka Kipushi. Nimefurahi sana. Kwa hiyo acha nikueleze kosa langu, usije ukalirudia.

Nilikuwa sekretari kijana katika ofisi moja ya mjini. Siku ile, nayo ya kwenda kazini kwa baiskeli, tuliiandaa sisi watu wa ofisi peke yetu. Tulichora mabango, tukashona fulana za kijani, tukamwita mpiga picha. Njia niliichagua mimi: barabara kuu, kwa sababu ingependeza kwenye picha. Sikumuuliza hata mtu mmoja anayeipita kwa baiskeli kila siku.

Mahali pa kuanzia tuliwakuta wabeba makala, wale wanaoleta makaa mjini, wakipumzika, baiskeli zao zimelemewa na magunia marefu kuliko wenyewe. Nikawaambia wasogee, wanatuharibia picha. Mmoja wao, Muzee Ilunga, alinitazama kwa upole.

"Mama, iyi njia iko ya makamyo ya mine. Saa hii banapita mingi. Mupite kule nyuma ya soko."

"Muzee, programu imeshapangwa," nikamjibu, nikapuliza filimbi.

Hatukufika mbali. Kamyo moja la mgodini, lori lililojaa mawe ya shaba, lilitupita karibu mno, nikayumba, nikaangukia mtaroni na baiskeli yangu mpya. Goti likapasuka, gurudumu likapinda. Wenzangu walisimama tu, hakuna aliyejua la kufanya. Nililia, mwanangu, na aibu iliniuma kuliko goti.

Aliyenitoa mtaroni ni Muzee Ilunga. Yeye na wenzake walikuwa wakija nyuma yetu, wakielekea njia yao ya nyuma ya soko. Alinisafisha goti kwa maji yake ya kunywa, kisha akaanza kunyoosha gurudumu. Nikamwomba msamaha.

"Sina na kasirani," alisema, bila kuinua kichwa. "Lakini mutoto yangu, unaita bantu bapande kinga, hizi baiskeli, na shiye benye kupanda kinga kila siku unatufukuza. Sasa nani atakuonyesha njia?"

Nilimwomba atangulie.

Akatupitisha vichochoro vya nyuma ya soko, polepole, kwa mwendo wa mzigo wake. Akina mama waliokuwa wakikaanga mandazi walitupigia makofi. Tulifika mjini tumechelewa, tumejaa vumbi, tunaimba. Mwaka uliofuata nilikwenda kwanza nyumbani kwake, kabla ya kuchora bango lolote. Alibadilisha saa ya kuondoka, akaomba vitu viwili tu: pampu na maji njiani kwa wanaotoka mbali. Nami niliendelea kwenda kazini kwa baiskeli mpaka nikastaafu, na miaka ile ilikuwa mizuri.

Basi, mwanangu, kabla ya kuchapa mabango, waendee wabeba makala, wauza mikate, mafundi wanaoziba matairi. Waulize wanapita wapi, saa ngapi, na wanaogopa nini. Ukishauliza, sikiliza, hata kama jibu linaharibu programu yako. Na siku ikifika, waweke mbele.

Mungu awafungulie njia, awaepushe na makamyo, na jioni awarudishe wote nyumbani wazima, miguu imechoka na moyo umetulia.